Mshono Uliofumuka: Namna ya Kuweka Tiba ya Shinikizo Hasi Isivuje, Isizibe, Isidhuru

Picha zinazonifikia kwenye simu zinafanana sana. Plastiki imevimba kama andazi, mashine inapiga kelele, na chini yake ujumbe wa muuguzi wa zamu ya usiku: "Tumeongeza plasta mara nne, bado inalia, tufanyeje?" Siku nyingine mashine imenyamaza kabisa, sponji iko ndani tangu jana, na kidonda kinanuka mpaka mlangoni.

Tiba ya shinikizo hasi ni kujaza kidonda sponji au gozi, kukifunika kwa plastiki isiyopitisha hewa, na kufyonza majimaji kwa mashine kupitia mrija. Ikikwama, kosa mara nyingi si la mashine. Sponji iliyofunikwa kwa plastiki bila kufyonzwa ni kizibo tu. Huzuia usaha kutoka na kuuweka kwenye joto, hivyo ni mbaya kuliko gozi ya kawaida ya shilingi chache. Kifaa hiki ama kinafyonza sawasawa, ama kitolewe.

Mwongozo huu ni wa wauguzi, matabibu na madaktari wa wodi wanaohudumia vidonda vya upasuaji vilivyogoma: mshono wa upasuaji wa uzazi uliofumuka, tumbo lililofunguliwa kwa utumbo uliotoboka, mguu wa mwenye kisukari uliokatwa nyama mbovu. Uamuzi wa kuanza tiba ni wa daktari aliyekikagua kidonda kwa macho na kwa kidole. Ndugu wa mgonjwa, msijaribu hili nyumbani; ninyi someni dalili za hatari zilizo kwenye Hatua ya 8.

## Vitu vya kuandaa kabla ya kugusa kidonda

Viweke vyote kwenye toroli. Ukianza kutafuta mkasi huku mikono imeshavaa glavu safi, hapo ndipo uchafu unapoingia.

- Mashine ya shinikizo hasi yenye betri, au chanzo cha kufyonza chenye kidhibiti na geji inayosomeka
- Kopo la kukusanyia majimaji lenye kizuizi cha kufurika
- Sponji maalumu ya tiba hii, au gozi ndefu ya kuviringisha iliyotakaswa
- Mrija wa kufyonzea. Kwa njia ya gozi, mrija wa kulishia puani namba 16
- Plastiki nyembamba inayonata, ya kutosha kufunika kidonda mara mbili
- Gozi yenye vaselini
- Selaini ya kutosha, angalau nusu lita, na bomba la sindano la mililita 20 au 50
- Mkasi uliotakaswa, koleo, rula ya karatasi, kalamu isiyofutika
- Glavu safi na glavu zilizotakaswa, aproni, miwani
- Dawa ya maumivu
- Gozi za kukandamizia damu ikitoka, na namba ya simu ya daktari wa upasuaji aliye zamu

Hicho cha mwisho nimekiandika makusudi. Damu ikitoka hutakuwa na nafasi ya kuulizana nani yuko zamu.

Tafadhali, sponji ya kuoshea vyombo au ya godoro, hata ukiichemsha, si sponji ya kidonda. Hukatika vipande vidogo ambavyo hubaki ndani ya nyama. Kama sponji maalumu haipo, tumia gozi. Hufanya kazi nzuri, na nitaieleza.

## Nani asiwekewe

Usiweke kifaa hiki ikiwa utaona mojawapo ya haya:

- gamba jeusi au nyama iliyokufa ambayo haijaondolewa
- mshipa mkubwa wa damu, neva, utumbo au kiungo kingine kilicho wazi
- mahali utumbo ulipounganishwa
- saratani ndani ya kidonda
- maambukizi ya mfupa ambayo hayajatibiwa
- tundu ambalo hujui linaelekea wapi
- damu inayoendelea kutoka

Mgonjwa anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda si marufuku moja kwa moja, lakini mwambie daktari kwanza na umweke kitanda kilicho karibu na meza ya wauguzi. Madhara makubwa kuliko yote ya tiba hii ni kutokwa damu. Mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani, FDA, ilitoa tahadhari mwaka 2009 na tena 2011 kuhusu vifo na majeraha, na kutokwa damu ndiko kulikoongoza kwa vifo.

Halafu tumbo. Mshono wa tumbo ukifumuka, muhimu ni kujua kama umefumuka ngozi na mafuta tu, au pamoja na ule utando mgumu unaoshikilia misuli. Majimaji ya rangi ya waridi yakibubujika ghafla siku ya tano au ya saba, au ukiona kitu kinachong'aa na kuteleza pale chini, acha. Funika kwa gozi safi iliyoloweshwa selaini, mlaze mgonjwa, asile wala asinywe, mwite daktari wa upasuaji. Hilo tumbo ni la thieta. Kuna namna ya kuweka shinikizo hasi juu ya utumbo, lakini ina tabaka lake maalumu la kuukinga na si kazi ya kitandani wodini.

## Hatua ya 1: Zungumza na mgonjwa, tuliza maumivu

Mpe dawa ya maumivu nusu saa kabla, usingoje aanze kulia ndipo uitafute. Mweleze: "Mama, hii mashine itavuta maji machafu kutoka kwenye kidonda. Utahisi kama kitu kinakubana kwa dakika chache, kisha kitatulia. Ukiona damu kwenye mrija huu, tuite hapo hapo, hata kama ni saa nane usiku."

Mgonjwa anayeelewa mrija wake ni mlinzi bora kuliko king'ora. Asiyeelewa atauchomoa umeme achaji simu, na nimeshuhudia.

## Hatua ya 2: Safisha mpaka uridhike

Wengi hukwama hapa, na matatizo mengine yote hufuata. Tunaitazama mashine kama fagio, tukidhani itakula uchafu. Haili. Inavuta majimaji, inapunguza uvimbe, inasogeza kingo karibu na kuchochea nyama mpya kuota. Nyama iliyokufa itabaki pale pale, ikioza chini ya plastiki.

Ondoa nyuzi zilizolegea. Toa usaha. Utando mzito wa njano na gamba jeusi vikatwe na mwenye ujuzi huo, thieta kama ni vingi. Kisha osha kwa selaini kwa kuisukuma na bomba la sindano, si kuidondosha kama unabariki. Endelea mpaka maji yanayotoka yawe safi.

Ingiza kidole chenye glavu iliyotakaswa, taratibu, uzunguke kidonda chote. Unatafuta mifuko iliyojificha chini ya ngozi na vichochoro vinavyoingia ndani. Mshono wa uzazi hupenda kuficha mfuko pembeni, upande mmojawapo, ambako jicho halifiki. Ukiuacha, juu kutapendeza na chini kutabaki jipu.

Pima urefu, upana na kina kwa sentimita, uandike. Tuseme mama ana kidonda cha sentimita 12 kwa 5, kina 4, na mfuko wa sentimita 2 upande wa kushoto. Andika hivyo hivyo. Bila namba hizi, wiki ijayo mtabishana kama kimepungua.

Kama kuna damu inachuruzika baada ya kukata nyama mbovu, kandamiza hadi ikome. Ikiwa imekatwa nyama nyingi, ni busara kufunga kwa gozi ya kawaida kwanza na kuweka mashine kesho yake.

Ukifanya vizuri utaona: sakafu ya kidonda ni nyekundu au ya waridi sehemu kubwa, haina harufu mbaya, haitoi damu, na umejua kila kona inakoishia.

## Hatua ya 3: Andaa ngozi ya pembeni

Kuvuja hakuanzii kwenye plastiki. Kunaanzia kwenye ngozi yenye unyevu.

Punguza nywele kwa mkasi. Wembe huacha mikwaruzo. Futa ngozi kwa selaini, kisha ikaushe. Ikaushe tena. Tulio pwani tunajua joto la mwezi wa pili: unafuta, unageuka kuchukua plastiki, ukirudi jasho limeshatoka. Zima feni inayopuliza vumbi, lakini fungua dirisha, na umpe msaidizi kazi moja tu ya kukausha kwa gozi mpaka sekunde ya mwisho.

Kwenye mikunjo ya tumbo, mwombe mgonjwa alale chali, msaidizi avute mkunjo kuelekea juu ndipo ubandike. Ukibandika mkunjo ukiwa umefungika, utapasuka mara tu akikaa. Pale penye bonde dogo, kwa mfano karibu na kitovu, jaza kwa kipande kidogo cha plasta nene au ute maalumu wa kuzibia ngozi kama upo, ili pawe tambarare.

Kata plastiki kuwa vipande vyembamba uvibandike kuzunguka kingo za kidonda kama fremu ya picha. Fremu hii huilinda ngozi nzima isiguswe na sponji. Sponji ikikaa juu ya ngozi nzima kwa siku mbili, itaiacha na vidonda vipya.

## Hatua ya 4: Jaza, usishindilie

Kata sponji kulingana na umbo la kidonda, ndogo kidogo kuliko uwazi wenyewe. Ikatie mbali na kidonda, kisha ipanguse kwa kidole ili chembe zidondoke pembeni. Nimeona mtu anaikata akiwa ameishikilia juu ya tumbo la mgonjwa, na chembe nyeusi zinanyesha ndani kama masizi.

Iweke kwa upole. Iguse sakafu na kuta zote, lakini usiishindilie kama unajaza gunia la mkaa. Ikibanwa mno haipitishi majimaji, na nyama chini yake hukosa damu. Mfuko wa kando ujazwe. Kichochoro chembamba ambacho huoni mwisho wake kisiingizwe sponji nyeusi, ile ya kawaida ya tiba hii, kwa sababu hukatikia humo. Tumia sponji nyeupe iliyo ngumu zaidi, au gozi moja ndefu, uache mkia wake ndani ya kidonda kikuu.

Palipo na kano au mfupa uliofunikwa kidogo tu, tandika gozi yenye vaselini kwanza.

Kisha hesabu vipande. Kama umeweka viwili, andika viwili: kwenye faili, na juu ya plastiki kwa kalamu isiyofutika, pamoja na tarehe na saa. Sponji iliyosahaulika huotewa na nyama mpya juu yake, kidonda hufunga kwa raha, na wiki kadhaa baadaye mgonjwa anarudi na usaha ambao hakuna anayejua unatoka wapi.

### Ukitumia gozi badala ya sponji

Lowesha gozi kwa selaini, ikamue iwe na unyevu tu. Tandaza gozi yenye vaselini kwenye sakafu ya kidonda, kisha tabaka la kwanza la gozi. Juu yake laza mrija namba 16, ukiwa umeongeza matundu madogo kwenye sehemu itakayokaa ndani. Usikate tundu kubwa kuliko theluthi moja ya mzunguko wa mrija, utakatika wakati wa kuutoa. Funika kwa tabaka la pili mpaka usawa wa ngozi au juu kidogo.

Mrija ukae katikati ya gozi, kama nyama ndani ya sambusa. Ukigusa sakafu moja kwa moja utanyonya nyama na kuiumiza. Tumia gozi moja ndefu badala ya vipande kumi vifupi. Kuhesabu moja hakumshindi mtu hata zamu ikiwa ngumu.

## Hatua ya 5: Funga hewa

Bandika plastiki ifunike sponji na kuvuka ukingo wa kidonda kwa sentimita 3 hadi 5 kila upande. Usiivute ikiwa ngumu, ngozi itatoa malengelenge. Ilaze tu, kisha ipapase kuanzia katikati kwenda nje.

Kwa mashine yenye kibandiko cha mrija, kata tundu la mviringo la kama sentimita 2 na nusu juu ya sponji. Liwe tundu kweli, siyo mchano, kwa sababu mchano hujifunga wenyewe mashine ikivuta. Kiweke kibandiko hapo, mbali na mfupa na mahali mgonjwa anapolalia.

Kwa njia ya gozi, mahali mrija unapotokea ndipo hewa inapoingilia mara nyingi kuliko kwingine. Usipitishe mrija ukiwa umelala bapa juu ya ngozi na kuufunika kwa juu tu. Chini yake hubaki vichochoro viwili vya hewa, kushoto na kulia. Uzungushie plastiki kutoka chini ili pande mbili zenye gundi zikutane chini ya mrija na kufanya ukuta mdogo uliosimama, ndipo uulaze na kubandika tabaka jingine.

## Hatua ya 6: Chagua shinikizo, na usome geji kwa kipimo chake

Kwa mtu mzima na sponji nyeusi, kiwango cha kawaida ni 125 mmHg (milimita za zebaki) chini ya hewa ya kawaida, mfululizo. Kwa gozi wengi hutumia 80. Kwa mtoto, mzee dhaifu, mguu wenye damu haba au mgonjwa anayeumia sana, daktari huanza na 50 hadi 75. Kupandisha zaidi hakuponyeshi haraka. Kunaumiza, basi.

Sasa shida ya geji. Mashine maalumu huandika mmHg, lakini za kufyonzea za ukutani na za thieta huandika kPa (kilopaskali), bar au sentimita za maji. Bandika hii karatasi ukutani:

- 125 mmHg ni takriban 16.7 kPa, au 0.17 bar, au sentimita 170 za maji
- 80 mmHg ni takriban 10.7 kPa, au sentimita 109 za maji
- 75 mmHg ni 10 kPa, au sentimita 102 za maji
- 50 mmHg ni takriban 6.7 kPa, au sentimita 68 za maji

Mashine nyingi za kufyonzea za thieta hufika 80 kPa, ambazo ni 600 mmHg. Mtu anayezungusha kitufe "katikati" akidhani amefanya kiasi amempa mgonjwa zaidi ya mara mbili ya anachohitaji. Na kinyume chake: aliyezoea mrija wa kifua akiweka 20 kwenye geji ya sentimita za maji, anapata mmHg 15 hivi, na anabaki kushangaa kwa nini sponji haisinyai.

Jambo jingine: mashine za thieta zimeundwa kufyonza kwa vipindi vifupi. Ukiikesha, mota hupata moto na kufa, na kesho yake asubuhi hakuna mashine ya kumfyonza mtoto mchanga. Usiikope thieta. Tumia ya ukutani yenye kidhibiti cha shinikizo dogo, au ile iliyoandikwa kwamba inafaa kazi ya mfululizo. Hakikisha kuna kopo lenye kizuizi cha kufurika, vinginevyo usaha utaingia kwenye bomba la ukutani.

Ukifanya vizuri utaona: ndani ya dakika moja sponji inasinyaa na kukunjamana kama tende kavu, inakuwa ngumu ukiigusa, plastiki inakaza bila kutuna, na majimaji yanaanza kutembea kwenye mrija. Mgonjwa anahisi kubanwa, kisha anatulia.

## Hatua ya 7: Tafuta pa kuvujia

Sponji isiposinyaa, usianze kurundika plasta juu ya plasta. Zima redio, sogeza sikio. Pengo la hewa hupiga mluzi mwembamba. Wodi ikiwa na kelele, pitisha stetoskopu polepole kuzunguka ukingo. Utausikia mluzi ukikua na ukipungua. Bonyeza hapo kwa kidole. Mluzi ukinyamaza, umepata. Bandika kipande kimoja kikubwa, siyo vitano vidogo.

Kama hakuna mluzi, fuata mrija: umekunjwa chini ya mgonjwa? Klampu imefungwa? Kopo limekaa sawasawa kwenye nafasi yake? Limejaa? Mara nyingi ni kopo.

Plastiki ikiwa imeshalowa chini, hakuna plasta itakayosaidia. Toa yote, kausha, anza upya. Ndiyo, kwa gharama ya seti nyingine. Ukibahatisha kwa muda wa saa tatu usiku utatumia plastiki hizo hizo na asubuhi utaitoa tu.

## Hatua ya 8: Saa za kulinda

Saa ya kwanza mtazame kila dakika 15, kisha kila saa kwa siku ya kwanza, halafu angalau kila saa 4. Andika shinikizo, hali ya sponji, kiasi na rangi ya majimaji, maumivu, joto la mwili.

Rangi ina mengi ya kusema. Majimaji mekundu mepesi siku ya kwanza, kisha ya njano nyepesi, ni kawaida. Haya siyo kawaida:

- Damu nyekundu mbichi inayotembea kwenye mrija au kujaa kopo: zima mashine, usichomoe sponji kwa pupa, kandamiza kwa nguvu juu ya kidonda, ita daktari sasa hivi.
- Kijani, kahawia au harufu ya choo: huenda utumbo umetoboka. Zima, ita daktari.
- Maji mengi mepesi yenye harufu ya mkojo kwa mama aliyejifungua kwa upasuaji: fikiria kibofu.
- Homa mpya, wekundu unaosambaa, maumivu yanayozidi, harufu inayobaki hata baada ya kuosha: maambukizi. Mashine hii si antibayotiki. Fungua, kagua.

Majimaji mengi kila siku ni protini na chumvi zinazopotea. Yahesabu kwenye chati ya majimaji kama unavyohesabu mkojo.

### Umeme ukikatika

Panga kabla haujakatika. Chaji betri kila inapowezekana, na ujue inadumu saa ngapi kwa kuijaribu, siyo kwa kusoma boksi. Kama mnatumia ya ukutani, ujue jenereta inaiwasha au la.

Sheria ni hii: mashine isizimwe zaidi ya saa 2 kwa jumla ndani ya saa 24. Zikipita, toa sponji, osha, funga kwa gozi yenye unyevu, na umeme ukirudi anza na seti mpya. Muuguzi wa usiku asiombe ruhusa ya hili. Liandikwe kwenye faili tangu mwanzo kama amri ya daktari, maana saa tisa usiku hakuna atakayepokea simu ili aambiwe jambo ambalo lingeandikwa mchana.

## Hatua ya 9: Kubadilisha bila kumtesa mtu

Badilisha kila baada ya saa 48 hadi 72. Kidonda chenye maambukizi hukaguliwa kila siku, hata mara mbili. Ukizidisha siku 3, nyama mpya huota ndani ya matundu ya sponji, na kuitoa inakuwa kama kung'oa magugu.

Toa dawa ya maumivu mapema. Funga klampu, zima mashine, mwaga selaini ndani ya sponji kupitia mrija au kwa sindano, subiri dakika 15 hadi 30. Usiruke subira hii. Kwa anayeumia sana daktari anaweza kuagiza dawa ya ganzi, lignokaini ya asilimia 1, badala ya selaini, isizidi miligramu 3 kwa kila kilo. Kila mililita moja ina miligramu 10, kwa hiyo mtu wa kilo 50 asivuke mililita 15.

Vua plastiki kwa kuivuta sambamba na ngozi, siyo kwenda juu. Toa vipande, uvihesabu kwa sauti, ulinganishe na namba iliyoandikwa. Havilingani? Hufungi mpaka kipatikane.

Matone machache ya damu juu ya nyama mpya ni sawa. Kandamiza dakika kadhaa. Ikiwa sponji inashika kila mara, wakati ujao tandika gozi yenye vaselini chini yake.

Ngozi ya pembeni ikiwa nyeupe na laini kama vidole vya mfua nguo, majimaji yanapita chini ya plastiki. Rekebisha fremu yako.

## Chakula na sukari

Nitapita haraka, ingawa kidonda hakitapita haraka bila haya. Mgonjwa anahitaji protini gramu 1.25 hadi 1.5 kwa kilo kwa siku. Mama wa kilo 60 anahitaji gramu 75 hadi 90. Yai moja lina kama 6, gramu 100 za samaki aliyepikwa zina kama 20, kikombe cha maharage yaliyopikwa kama 15. Uji mtupu wa sembe asubuhi na ugali kwa mchicha jioni haufiki hapo. Waeleze ndugu kwa vyakula, siyo kwa gramu: mayai mawili, samaki au dagaa, maharage au dengu, maziwa, kila siku. Na kama kuna bibi anayekataza mayai kwa sababu "yanaleta usaha", msalimie kwa heshima, "Shikamoo bibi," kisha umweleze bila kumwaibisha mbele ya wakwe.

Pima sukari hata kwa asiyejulikana kuwa na kisukari. Ikiwa juu ya 10 mmol/L mara kwa mara, kidonda kitagoma hata ubadilishe mashine mara ngapi. Pima na wingi wa damu.

## Lini usimamishe

Baada ya siku 5 hadi 7 tarajia sakafu nyekundu yenye vijipele kama nyama ya kusaga, majimaji yamepungua, na kina kimeanza kupanda. Kile kidonda cha sentimita 12 kwa 5, kina 4, kikifika kina cha 1 na kikiwa safi, mwite daktari aamue: kushona tena, kuweka ngozi, au kukiachia gozi kimalizie chenyewe. Lengo si kukaa kwenye mashine mpaka ngozi ifunge kabisa. Unalipia seti kwa kazi ambayo gozi ingeifanya.

Vipimo visipobadilika kwa wiki 2, simamisha na utafute sababu: mfuko uliosahaulika, uzi wa ndani uliooza, mfupa, sukari, lishe, kifua kikuu, saratani.

Ikiwekwa ngozi ya kupandikizwa, mashine inaweza kutumika juu yake kwa siku 4 hadi 5 bila kufunguliwa, chini yake ikiwa imetandikwa gozi yenye vaselini. Hapo hufungui kila siku ya tatu. Kazi yake ni kuishikilia ngozi isitembee.

## Mgonjwa akihamishwa

Kabla gari la wagonjwa halijaondoka, karatasi ya rufaa iwe na haya kwa herufi kubwa: vipande vingapi viko ndani, vya aina gani, viliwekwa tarehe na saa ngapi, shinikizo gani, betri ilichajiwa lini, na mwisho wa kuvibadilisha ni saa ngapi. Kama huko anakokwenda hawana mashine, au safari ni ndefu kuliko betri, toa sponji hapo hapo wodini, hesabu vipande, funga kwa gozi yenye unyevu, na uandike: NDANI HAKUNA SPONJI.